Mama Foleni na Swali Lililotunyima Viyoyozi

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, mtunza stoo na mratibu wa huduma za jamii wa kanisa letu atarudisha funguo ofisini baada ya kulitumikia kanisa hili kwa miaka ishirini na tisa. Jina lililo kwenye barua yake ya ajira tunalijua watu wachache: mume wake, mhasibu, na mimi karani niliyelichapa. Kwa wengine wote, kuanzia watoto wa shule ya Jumapili mpaka askofu, yeye ni Mama Foleni. Wasifu huu ninaowasomea kwenye sherehe yake ya kuaga utamwita hivyohivyo, maana tukimwita vinginevyo wengi watadhani anastaafu mtu mwingine.

Siku ya kwanza alikuja kazini na binti yake mgongoni. Mzee aliyekuwa akitunza stoo kabla yake alimtazama, akayatazama magunia, akamwonya kwamba kazi hii ni ya kubeba. Mama Foleni alimjibu kwamba yeye amebeba tangu asubuhi na bado hajalalamika. Binti huyo sasa ni muuguzi, na anasema kumbukumbu yake ya kwanza hapa duniani ni harufu ya sabuni ya mche.

Wanaoijua stoo yetu wanajua haina makuu. Ni chumba kirefu nyuma ya ukumbi, kina dirisha moja la nondo, rafu za mbao, mizani ya kutundika na meza ambayo mguu wake mmoja umewekewa tofali. Kuna wakati palikuwa na paka pia. Aliletwa kwa ajili ya panya, lakini Mama Foleni alimpa cheo cha Mkaguzi kwa sababu alikuja mara chache, alitembea huku na huko akinusa, kisha akaenda zake bila kuchukua hatua yoyote.

Kila Alhamisi dirisha la stoo hufunguliwa, na watu wenye shida hupewa unga, mafuta, maharage na sabuni. Mwanzoni ilikuwa vurugu. Wenye nguvu walipita mbele, wajawazito wakasukumwa. Wiki ya pili Mama Foleni alichukua chokaa akachora mstari kutoka dirishani hadi getini, akatangaza kwa sauti yake ile ambayo haijawahi kuhitaji kipaza sauti kwamba asiyekanyaga mstari hana unga. Ikawa sheria.

Askofu mwenyewe aliionja sheria hiyo. Alikuja siku moja bila taarifa na bila joho, amevaa shati la kawaida, akaenda moja kwa moja mlangoni mwa stoo ili aone kazi inavyokwenda. Mama Foleni hakuinua hata kichwa kutoka kwenye mizani. "Baba, foleni inaanzia kule nyuma, kwa yule mama mwenye mtoto." Baba Askofu alikwenda nyuma kwa yule mama mwenye mtoto. Mchungaji alipopata habari na kuja mbio, alimkuta kiongozi wake amefika katikati ya mstari, anasimulia kisa, watu wanacheka. Mama Foleni alitamani ardhi ipasuke. Askofu akasema hajapata mahubiri mazuri kama yale mwaka mzima, akaondoka na mche wake wa sabuni. Jina la Mama Foleni lilianzia hapo, na askofu ndiye aliyelisambaza.

Kwa miaka mingi alikuwa mtu mwenye furaha na kazi yake. Aliamini, kama sisi sote, kwamba tukigawa vizuri na kwa upole tumemaliza. Ila jambo moja lilimkera kidogokidogo kama punje ya mchanga kwenye kiatu. Mstari ulikuwa unarefuka. Ulifika getini, ukatoka getini, ukapinda kona ya duka la dawa.

Halafu ikaja Alhamisi moja ambayo yeye huisimulia hata leo bila kutia chumvi. Dirishani alitokea dada mmoja mwenye kilemba, amekunja kitu cha bluu na kukibana kwapani. Mama Foleni alimjua. Kila siku walipishana mlangoni, mmoja anaingia stoo, mwingine anatoka na ndoo na ufagio wa deki. Ndiye aliyekuwa akisafisha ukumbi, ofisi zetu na madarasa ya shule ya kanisa. Kile alichokibana kwapani kilikuwa sare yake ya kazi.

"Dada, si wewe uliyepiga deki hapa asubuhi?"

"Ndiye mimi. Nikishamaliza kupiga deki natoka nje, najipanga."

Alisema hivyo akicheka, kwa namna mtu anavyocheka ili mwenzake asimwonee huruma. Mama Foleni alimpa unga wake. Kisha akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya: alifunga dirisha kwa muda, akatoka, akatembea kando ya mstari mzima toka mwanzo hadi mwisho. Hakuuliza mna shida gani. Aliuliza mnafanya kazi wapi. Akakuta mlinzi wa usiku, mpishi wa shule, wapakiaji wa ghala, wasafishaji wengine wa bluu. Karibu nusu ya watu waliokuja kuomba chakula walikuwa wametoka kazini au walikuwa wanakwenda kazini.

Dada yule, ambaye baadaye tulimzoea kwa jina la Dada Deki, alimweleza jinsi mambo yalivyo. Hakuajiriwa na kanisa bali na mkandarasi wa usafi tuliyempa kazi. Mshahara wenyewe ulikuwa mdogo, na kabla haujamfikia ulikatwa gharama ya sare, ukakatwa ndoo ikipasuka, ukakatwa siku aliyougua. Kilichobaki kililipa kodi ya chumba kikasema kwaheri.

Sasa, mkandarasi huyo hakuwa mtu wa mbali. Alikuwa mzee wa kanisa na mjumbe wa baraza letu. Tulikuwa tukimwita Mzee Spika, kwa sababu spika za kanisani alizinunua yeye kwa fedha yake. Na mke wake aliimba sauti ya pili kwenye kwaya, bega kwa bega na Mama Foleni. Walikuwa marafiki wa chanda na pete. Mmoja akikohoa, mwingine anatafuta tangawizi.

Hapo mtu mwingine angenyamaza, na hakuna ambaye angemlaumu. Mama Foleni alikwenda nyumbani akamweleza mume wake, fundi baiskeli ambaye wengi mnamfahamu kwa utani wake. Safari hii hakutania. Alimuuliza tu kama yuko tayari kumpoteza shoga yake. Mama Foleni akasema hayuko tayari. Asubuhi akapiga moyo konde, akaomba nafasi kwenye baraza.

Mimi nilikuwa pale nikiandika kumbukumbu. Baraza lilimsikiliza kwa adabu. Mjumbe mmoja alipendekeza maombi ya wiki nzima. Mwingine alipendekeza tuongeze siku ya kugawa. Mzee Spika, ambaye kwa kweli si mtu mwenye roho mbaya, alisimama na kuahidi kuongeza unga mara mbili kutoka mfukoni mwake. Watu wakapiga makofi. Mama Foleni alisubiri makofi yaishe.

"Unga tunashukuru, mzee wangu. Lakini huyu dada hana shida ya unga. Ana shida ya mshahara."

Mwenyekiti alikohoa, akamkumbusha kwamba yeye ni mtu wa stoo na mambo ya mikataba yana wenyewe. Mchungaji wetu wa wakati ule hakusema neno. Baadaye alinyoosha mikono na kukiri mbele yetu kwamba alikuwa akiziwaza zile spika.

Basi Mama Foleni akarudi stoo, akaendelea kupima maharage. Ila jioni akaanza kuzunguka kwenye jumuiya, yaani vile vikundi vyetu vya sala vya nyumba kwa nyumba. Hakwenda na hotuba. Alisali na wenzake, akanywa chai, halafu akauliza swali moja tu: nani hapa anafanya kazi kutwa nzima na bado haimtoshi? Kisha akanyamaza. Watu wa kanisani hawapendi ukimya, mtu atautibu kwa wimbo, lakini yeye aliwazuia kuimba. Polepole mkono mmoja uliinuka, halafu mwingine. Kwenye jumuiya moja, mke alikuwa hajui kwamba mumewe anajipanga kwenye foleni yetu kila Alhamisi. Kwenye nyingine, mama mwenye nyumba aliyewakaribisha wote kwenye sebule nzuri aliinua mkono na kusema yeye ndiye tatizo, msichana wake wa kazi yuko jikoni na hajawahi kumpa siku ya kupumzika. Swali lile lilikuwa na makali pande zote mbili.

Haikuwa kazi ya siku moja. Alitembea kwa miguu, mvua na jua, na mumewe akalazimika kumfundisha kuendesha baiskeli katika umri ambao wenzake wanafikiria kuziacha. Alianguka mbele ya ofisi ya posta, akainuka, akawapungia mkono waliokuwa wakicheka, akaendelea.

Mkutano mkuu wa mwaka ulipofika, ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Ajenda kubwa ilikuwa viyoyozi. Tulikuwa tumechanga kwa muda mrefu ili tuache kuoga jasho kila Jumapili, na fundi alikuwa ameshapima kuta. Jumuiya ziliomba kuongeza ajenda moja. Wote tulitarajia Mama Foleni asimame, naye hakusimama. Alikuwa amewaambia wenzake wazi kwamba yeye hashiki ufagio wa deki, kwa hiyo hawezi kuwasemea wanaoushika. Aliyekwenda mbele, amevaa ile sare ya bluu aliyokuwa akiificha, alikuwa Dada Deki. Nimeyahifadhi maneno yake kwenye kumbukumbu za mkutano, lakini hata bila hizo nayajua kwa moyo.

"Sakafu mliyokanyaga ni mimi. Choo mlichoingia asubuhi ni mimi. Madirisha ya darasa la watoto wenu ni mimi. Sijaja kuwasema vibaya, nasali hapahapa na nyinyi. Naomba mshahara unaofika mwisho wa mwezi. Nikiugua siku moja, nisikatwe. Na sare nisiinunue mimi, maana siivai kwenda harusini."

Kila neno lilisikika vizuri hadi nje, kupitia spika za Mzee Spika.

Akasimama mlinzi, akasema na yeye. Akasimama mpishi wa shule. Akasimama yule mama wa sebule nzuri. Mhasibu wetu akaeleza kwa haki kabisa kwamba inawezekana kumlipa mkandarasi zaidi, kwa sharti kwamba nyongeza iwafikie wafanyakazi, lakini fedha za kuanzia zipo sehemu moja tu. Watu wote wakainua macho wakazitazama zile alama za penseli ukutani ambapo viyoyozi vingekaa. Joto lilikuwa kali siku hiyo, nadhani shetani alikuwa kazini. Kura ikapigwa kwa kuinua mikono. Mikono mingi sana iliinuka, mingine ikijifuta jasho kwanza. Ndiyo maana mpaka leo tunajipepea kwa vitabu vya nyimbo, na wageni wakituuliza tunawaambia waende stoo wakamuulize anayehusika.

Mzee Spika alitoka nje kabla matokeo hayajasomwa, mke wake nyuma yake.

Miezi iliyofuata haikuwa myepesi. Mkandarasi alitishia kuvunja mkataba. Familia kadhaa zilihama zikisema kanisa limegeuka chama. Lakini kilichomuumiza Mama Foleni kuliko vyote kilikuwa kwenye kwaya. Shoga yake alirudi kuimba, ila alihamia upande wa pili wa safu, na akisalimiwa anajibu kwa kidevu. Mama Foleni alimsalimia kila Jumapili bila kuruka hata moja. Kisha alikuwa akija stoo, anajifanya anahesabu magunia, nasi tulijua kwamba magunia hayana shida yoyote. Tulimwachia nafasi alie, akimaliza tunampelekea chai.

Kazi ilisonga mbele kutoka upande ambao hatukuutegemea. Msikiti ulio ng'ambo ya barabara nao ulisafishwa na kampuni ileile. Mama Foleni alimshika mkono mchungaji, ambaye sasa alikuwa amepata ujasiri, wakavuka kwenda kumwona imamu. Walijiandaa kueleza mambo marefu. Imamu aliwasikiliza kidogo tu, akawaonyesha kwa dirisha la ofisi yake: "Hiyo pale ni foleni yetu. Ya kwenu ni Alhamisi, ya kwetu ni Jumamosi. Nafikiri watu ni walewale." Kweli walikuwa walewale. Tangu hapo wakaenda pamoja, wa kanzu na wa kola, kwenye zahanati, kwenye shule ya jirani, kwenye jengo la benki, kote kulikosafishwa na kampuni hiyo. Kila mahali waliwaomba wenyeji wamwambie mkandarasi kitu kimoja: tutakubali kulipa zaidi, tuonyeshe kwamba nyongeza imemfikia aliyeshika ufagio.

Mzee Spika akaona wateja wake wote wanazungumza lugha moja. Akasaini. Tulimwomba ruhusa ya kuandika haya, naye hakumung'unya maneno. Alisema asigeuzwe mtakatifu kwa lazima, yeye alipiga hesabu tu, na imani ilimfikia baadaye, alipoona wafanyakazi hawaachi tena kazi kila mwezi na halazimiki kufundisha wapya. "Andika," alituambia, "ila usisahau kusema kwamba spika bado zinafanya kazi." Zinafanya kazi.

Na mke wake? Mwaka ule mume wa Mama Foleni aliteleza kwenye ngazi akavunjika mguu. Mama Foleni alikuwa ameketi kando ya kitanda wodini, nywele hazijachanwa, mlango ukafunguliwa, shoga yake akaingia na chupa ya uji na vikombe vitatu. Aliketi. Akamimina. "Nimeleta uji," akasema. "Na usinianzie mambo ya mishahara, nimekuja kumwona shemeji." Fundi baiskeli alicheka mpaka muuguzi akaja kumgombeza. Jumapili iliyofuata mama yule alirudi kwenye nafasi yake ya zamani kwenye safu, na kwa maoni ya mwalimu wa kwaya sauti ya pili haijawahi kuwa sawa kama ilivyokuwa siku ile.

Tusije tukafanya ionekane kwamba kila alichogusa kilinyooka. Yeye na kamati ya makanisa na misikiti iliyozaliwa na safari zile walipambana na kupanda kwa kodi ya vibanda sokoni, wakashindwa, na akina mama kadhaa wakapoteza sehemu zao za biashara. Walipojaribu kuzungumza na wenye viwanda, walikalishwa mapokezi mpaka ofisi zikafungwa. Alirudi amechoka, viatu mkononi. Tulidhani atakata tamaa. Alisema tu, "Leo wametushinda. Tuonane Alhamisi." Kwa upande mwingine, bei ya maji kwenye mabomba ya mtaani ilishuka kwa sababu yao, wasaidizi wa kazi za nyumbani katika familia za kanisa letu wana siku ya kupumzika, na Dada Deki ni mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi wa usafi, anayesikilizwa na watu wenye tai.

Foleni haijaisha. Mama Foleni asingependa tudanganye. Lakini imerudi ndani ya geti, na waliomo wengi ni wazee na wagonjwa, watu ambao unga kweli ndio msaada wao. Wale wa bluu hatuwaoni tena mle. Tunawaona kwenye sadaka, na mmoja wao mwaka huu aliandika jina kwenye zamu ya kugawa.

Tumeshauriana kwa muda kuhusu zawadi. Alikataa kiti cha kubembea, akisema akibembea ataanza kufikiri. Alikataa saa ya ukutani. Mumewe amemwahidi safari ndefu ya baiskeli, kila mtu na yake, ila ameomba tumwombee kwenye kona. Binti yake amemwambia sasa ni zamu yake kubebwa, na wajukuu wameshaanza kupanga mstari sebuleni, wanajua bila mstari bibi hagawi biskuti.

Mwishowe alituomba kitu kimoja. Alitaka kujua sherehe hii itakapokwisha ni nani atakayebaki kusafisha. Tulipomwambia, akatikisa kichwa. Kwa hiyo, ndugu wapendwa, wageni wetu, Baba Askofu, Mheshimiwa Imamu, Mzee Spika na mama, leo wafanyakazi wa usafi wameketi mezani pamoja nasi tangu mwanzo na hawatainuka kabla yetu. Baada ya wimbo wa mwisho kila mmoja atabeba kiti chake hadi stoo, atarudi kuchukua sahani yake, na mafagio yamewekwa kando ya mlango, yanatosha.

Mama yetu, asante kwa miaka yote hii, kwa unga na kwa swali. Nenda ukalale mpaka jua likuamshe lenyewe. Mungu akupe siku nyingi, miguu isiyouma na shoga wa kuimba naye. Sisi tutabaki tukijipepea, na tunafurahi.